Nahodha amenikaribisha kwenye resi ya bahari kuu. Niende?

Barua

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina mume na mtoto mmoja, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Kwa miaka michache sasa nimekuwa nikijifunza matanga kwenye mashua ndogo za watu wawili, ndani ya ghuba, mchana, nchi kavu ikionekana. Nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Naweza kupiga bisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuzageuza, naweza kupunguza tanga upepo ukizidi, na mashua ikipinduka naisimamisha mwenyewe. Usiku sijawahi kusafiri.

Mwezi uliopita mtu wa klabu yetu alinikutanisha na nahodha mwenye mashua ya futi 40. Anajiandaa kwa resi ya bahari kuu, kiasi cha maili 600 za baharini, ambayo kwa mashua yake huchukua siku nne au tano. Watu wake wawili wamejitoa na anatafuta wa kujaza nafasi. Hakuna anayelipwa mshahara; kila mtu anachangia gharama. Tulionana tukazungumza kwa kirefu. Ni mcheshi, anajua anachokisema, na mashua yake nimeiona kwa nje, ni safi. Lakini nilipomwuliza kuhusu mafunzo ya usalama alinijibu, "Usihangaike, utajifunza njiani. Kazi yako ya mwanzo ni kukaa ukingoni uwe uzito." Nikaomba tutoke pamoja hata usiku mmoja kabla ya resi, akasema ratiba imebana. Anataka jibu, pamoja na malipo ya kwanza, kabla ya wiki ijayo kuisha.

Yananisumbua matatu. La kwanza, bahari hunichafua roho. Kwenye feri nimewahi kulala sakafuni safari nzima. La pili, wenzangu watakuwa watu waliozoeana kwa miaka, halafu mimi peke yangu nisiyejua kitu. Naogopa kuwa mzigo. La tatu ni mume wangu. Si mkorofi, wala hanikatazi kwa ubabe. Ila alikwenda akasoma habari za resi ya Fastnet ya mwaka 1979, ile waliyokufa watu kwenye dhoruba, akaniuliza, "Likitokea hilo, mtoto nitamwambia nini?" Nikakosa la kumjibu. Nikimwambia ni salama nitakuwa namdanganya, maana mwenyewe sijui.

Je, Mjomba, niende? Na nikienda, nifanyeje nisiwe mzigo kwa wenzangu?

Mwenye Kiu ya Bahari Kuu

Jibu

Marahaba, mpwa wangu.

Bahari kuu, nenda. Na nahodha huyu, bado: usimlipe kitu mpaka akupeleke baharini usiku mmoja.

Barua yako yote unajipima wewe. Unatapika, hujui, utawachelewesha wenzio. Hayo nitayajibu, lakini hayo ndiyo mepesi, kwa sababu uwezo wako utakua kila zamu. Nahodha na mashua utakayoipanda ndio haohao tangu kamba ya gati inafunguliwa hadi mwisho. Mkishafika mbali na nchi kavu hakuna wa kumwomba akubadilishie. Kwa hiyo mtu mgeni kwenye resi za namna hii huanza kwa kumchagua nahodha, kisha resi.

Ndiyo maana nashikilia ule usiku mmoja. Mashua ya futi 40 usiku haifanani na unayoijua ya mchana. Saa nane usiku, upepo uko mbele, mashua imelala upande, na wewe unaamshwa baada ya usingizi wa saa mbili na nusu. Unavaa suruali ya mvua ukiwa umeegemea ukuta uliogeuka kuwa sakafu. Huoni wimbi linapokuja, unalisikia tu likigonga omo, yaani mbele ya mashua, kisha maji yanakuja mbio juu ya sitaha. Kuna watu wanaoingia humo mara ya kwanza wakaona wamefika kwao. Wengine, tena mabaharia wazuri wa mchana, wanagundua kwamba hawaitaki kabisa, na hilo si aibu. Afadhali ulijue mkiwa na bandari saa chache nyuma yenu kuliko usiku wa kwanza kati ya minne.

Usiku huohuo utamwona nahodha wako. Giza linapoanza kuingia, tazama kama watu wanavaa jaketi okozi bila kukumbushwa. Sikiliza anavyosema kabla ya kugeuza matanga. Je, anataja kitakachofanyika na nani ashike kamba ipi, kisha anasubiri kila mmoja aitikie "tayari"? Au sauti yake inasikika tu baada ya jambo kuharibika? Mwulize kitu alichokwisha kukueleza mchana. Atakavyokujibu saa nane usiku ndivyo atakavyokujibu siku ya tatu ya resi akiwa hajalala vya kutosha, na mtu anayezomewa kwa kuuliza huacha kuuliza. Hapo ndipo ajali zinapoanzia.

Kabla hamjatoka bandarini, akuonyeshe vitu kwa kukushikisha. Valvu ya gesi ya jiko iko wapi na inafungwaje. Matundu yote yanayopitisha maji kwenye ubavu wa mashua, na kila tundu lina kizibo chake cha mbao. Pampu za ngama, za kutoa maji yanayokusanyika chini ya mashua, ile ya umeme na ile ya mkono. Chelezo cha kuokolea, kile kinachojaa upepo chenyewe kikivutwa kamba, na kamba hiyo inafungwa wapi kabla hakijatupwa majini. Halafu redio. Redio za siku hizi zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Unainua kifuniko, unakibonyeza na kukishikilia mpaka ikubali, na yenyewe inatuma mahali mlipo kwa meli na vituo vilivyo karibu, ndipo unaongea kwenye chaneli 16. Omba akuonyeshe hilo hata kama anaona si lazima. Anayeanguka majini anaweza kuwa yeye, na akianguka yeye, wa kumtafutia msaada ni ninyi mliobaki.

Na swali moja nakuomba umwulize neno kwa neno: "Mtu mzito akianguka, tutamtoaje majini?" Kumrudia aliyeanguka ni kazi, lakini kumpandisha ndiko kunakowashinda wengi. Mtu aliyevaa nguo zilizolowa, mwenye mikono iliyokufa ganzi, hapandishwi kwa kuvutwa mabega na watu wawili huku ubavu wa mashua unapanda na kushuka. Huinuliwa kwa kamba ya kupandishia tanga, kwa nguvu ya winchi, ile mashine ya kuzungushia kamba. Nahodha aliyefanya zoezi hilo atakutajia kamba gani, winchi gani, nani asimame wapi, na nani asiondoe macho kwa aliye majini huku amenyoosha mkono kumwelekeza mwenye usukani. Ambaye hajalifanya atakuambia usiogope, hakuna atakayeanguka.

Sasa ile kauli ya "utajifunza njiani". Nusu yake ni kweli. Kukunja tanga, kuzungusha winchi, kusoma upepo, hayo njiani ndiko shule yake. Usalama hauna shule njiani. World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lina kanuni maalumu za usalama wa bahari kuu, na ndani yake resi zimepangwa kwa madaraja, kuanzia 0 kwa zile za kuvuka bahari kali mpaka 4 kwa zile fupi za karibu na pwani. Kwa madaraja ya 1 na 2, angalau asilimia 30 ya waliomo mashuani, wasiopungua wawili, nahodha akiwa mmoja wao, wanapaswa kuwa wamepata mafunzo ya kujiokoa ndani ya miaka mitano iliyopita. Resi ya Sydney hadi Hobart, kule Australia, hudai nusu ya watu wote. Kanuni hizohizo zinataka zoezi la kumwokoa aliyeanguka lifanyike angalau mara moja kwa mwaka. Tena resi nyingi kubwa, Fastnet ikiwemo, hudai mashua na sehemu ya watu wake wawe wamekwisha kusafiri maili kadhaa pamoja kabla ya kukubaliwa.

Kwa hiyo mwulize resi yenu ni ya daraja gani, na waliofunzwa ni kina nani kwa majina. Umeniambia watu wake wawili wamejitoa. Mimi nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama. Huenda ndio waliokuwa na vyeti, na huenda ndio waliozipiga zile maili za kujistahilisha. Simtuhumu, labda ana majibu mazuri. Lakini anayeingia badala ya mtu anapaswa kujua anajaza pengo la namna gani.

Wewe mwenyewe kafanye kozi hata kama idadi yao imetimia. Kozi inayotambuliwa kwa resi hizi kwa kawaida ni ya siku mbili, na sehemu yake hufanyika kwenye bwawa la kuogelea. Unaruka majini umevaa kama ulivyo, jaketi linajaa, unagundua kwamba kuogelea nalo ni kwa mgongo. Kisha unajaribu kupanda kwenye chelezo, na kukigeuza kilichopinduka. Watu wenye nguvu hushindwa jaribio la kwanza ndani ya bwawa tulivu lenye taa. Na ukitaka kujua wanaofanya hivi kwa uzito wanafanyaje, tazama mbio za Clipper za kuzunguka dunia. Mwanzilishi wake ni Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa matanga bila kusimama bandarini, mwaka 1968 hadi 1969. Mbio hizo zilianza 1996 na huwapokea hata watu ambao hawajawahi kushika kamba ya tanga. Lakini hakuna anayepanda bila kupita ngazi nne za mafunzo, awe mgeni au mzoefu.

Nije kwa mume wako. Usimwambie ni salama. Mwambie kama ilivyo, kwa sababu amekwenda kusoma, na mtu aliyesoma anastahili kujibiwa kwa alichokisoma.

Mwaka 1979 mashua 303 zilianza resi ya Fastnet na chini ya theluthi moja tu zikamaliza. Walikufa washindani 15. Katika dhoruba ile mashua 24 ziliachwa na watu wake, na kati ya hizo zilizozama ni 5. Nyingine 19 zilikutwa baadaye bado zinaelea. Soma tena hesabu hiyo ukiwa na mume wako. Baadhi ya waliokufa walikuwa wametoka kwenye mashua inayoelea wakaingia kwenye chelezo. Tangu hapo mabaharia hufundishwa kwamba chelezo huingiwa kwa kupanda juu, yaani mashua iwe imekwisha kuzama chini ya miguu yako hata inabidi uinue mguu. Mwaka 1998, resi ya Sydney hadi Hobart, zilianza 115 zikamaliza 44. Walikufa 6, na 55 wakaokolewa kwenye mashua zao. Kila tukio lilichunguzwa kwa undani, na mengi unayoyaona leo kwenye kanuni, yale mafunzo ya lazima na ukaguzi kabla ya kuanza, yalikazwa kutokana na siku hizo. Hatari ipo. Watu walioisoma vizuri wameacha maagizo, na swali la mume wako linakuwa: je, mashua hii inayafuata maagizo hayo?

Hilo linaweza kujibiwa. Mchukue mwende wote kumwona nahodha, na yeye aulize yake. Kisha mwachie nyumbani mambo yaliyoandikwa: namba za waandaaji, jina la mashua na idadi ya waliomo, mtu wa nchi kavu wa kupigiwa kwanza. Resi nyingi siku hizi hufunga kifaa kwenye kila mashua kinachoonyesha ilipo kwenye ramani ya mtandaoni. Atakitazama usiku kucha, sina shaka, kwa hiyo mwambie mapema kwamba alama ikisimama pale pale kwa saa kadhaa, mara nyingi ni upepo umekufa au kifaa kimekwama. Akiwa na hofu bado baada ya hayo yote, hofu hiyo iheshimuni na mwizungumze. Itakuwa angalau ni hofu ya kitu anachokijua.

Mfafanulie pia ukanda wa usalama, ule unaokufunga kwenye mashua, na wewe uuelewe kuliko yeye, maana ndio utakaokurudisha nyumbani. Ukanda hauruhusiwi kuzidi mita 2, na ulio bora una ndoano nyingine katikati, kama mita 1. Tumia ule mfupi kila unapoweza. Kazi ya ukanda ni kukuzuia usifike majini kabisa; mtu anayeburutwa ubavuni na mashua inayokwenda kasi anakunywa maji mengi kwa muda mfupi. Usiku, kabla hujatoa mwili wako kwenye mlango wa kutokea juu, mkono wako ndio utangulie: unatoa mkono, unafunga ndoano kwenye chuma kilicho karibu na mlango, unaivuta kwa nguvu kuhakikisha, ndipo unapanda. Kurudi ndani ni kinyume chake; unafungua ukiwa umekwisha kushuka. Wengi hujisahau wakati wa kubadilishana zamu, wamechoka, wanawaza kitanda.

Na angalia ndoano imekaaje. Novemba 2017, kwenye mbio za kuzunguka dunia, mshiriki mmoja asiye baharia wa kulipwa alikuwa omo akisaidia kushusha tanga la mbele katika bahari kali. Alikuwa amejifunga. Wimbi lilimtoa nje, ndoano ya ukanda wake ikawa imenasa chini ya kishikizo cha kamba kilichopo sitahani, ikavutwa kwa upande badala ya urefu wake, ikapinda na kuachia. Alipopatikana alikuwa amefariki. Kwa hiyo kufunga tu hakutoshi. Kamba za kujifungia zinazotandazwa sitahani kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya mashua, zisipite karibu na vitu vya kunasa ndoano, na zikipita katikati ya mashua ni bora kuliko zikipita ukingoni.

Jaketi lako liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na uufunge. Bila huo jaketi hupanda kichwani na wewe ukabaki chini yake. Usijitegemee kwa kuogelea. Kwenye maji ya baridi dakika ya kwanza pumzi hukukimbia, ndani ya dakika kumi hivi mikono inaishiwa nguvu ya kushika chochote, na hapo mwili wenyewe bado haujapoa vya kutisha. Jaketi ndilo linalokununulia muda.

Kuhusu kutapika. Mpwa wangu, hili limekutia aibu bure. Kuna manahodha waliozeeka baharini ambao hutapika siku ya kwanza ya kila safari, wakafuta midomo na kushika usukani. Kwa watu wengi mwili huzoea ndani ya siku mbili au tatu. Nenda kwa daktari mapema, mweleze unakokwenda na dawa nyingine unazotumia. Kuna vidonge, na kuna plasta ndogo ya dawa iitwayo hayosini inayobandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya kuondoka na kufanya kazi hadi siku tatu. Ukiishika, nawa mikono kabla ya kugusa macho, kwa sababu dawa ile hutanua mboni na ukaona ukungu. Hukausha mdomo na wengine huwatia usingizi, na wapo wasiotakiwa kuitumia kabisa, kama wenye glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho. Ijaribu nyumbani siku ya mapumziko, uone inakufanyaje, kisha uijaribu kwenye ule usiku mmoja. Dawa yoyote inayomezwa baada ya kuanza kutapika imechelewa.

Mkiwa baharini, mwambie kiongozi wa zamu mapema, roho ikianza tu kuchafuka. Atakupa usukani, na usukani ni dawa: macho yako mbali kwenye upeo wa bahari, mikono ina kazi. Huko chini usikae umesimama ukitafuta soksi. Shuka, vua haraka, lala chali upande wa tezi ambako mashua hairukiruki sana, fumba macho. Tapika kwenye ndoo. Kuinama juu ya waya wa ukingoni usiku ili kutapika baharini kumewatoa watu nje, na vilevile kusimama ukingoni kwa haja ndogo. Choo kipo ndani, kitumie umekaa, wanaume kwa wanawake. Na unywe maji kidogo kidogo hata kama yanarudi. Kinachomwangusha mgonjwa wa bahari ni kukaukiwa maji na baridi. Akiacha kunywa na kuvaa anakuwa mgonjwa wa kweli.

Sasa hofu ya kuwa mzigo. Nahodha alisema utakaa ukingoni uwe uzito, na hapo hakukudharau. Mashua ikilala upande kupita kiasi inapoteza mwendo, na watu wanaokaa ukingo wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, miguu imening'inia nje, ndio wanaoisimamisha. Ni kazi ya saa nyingi, yenye maji na baridi, na anayekaa bila kulalamika anaisogeza mashua kama anayevuta kamba.

Lakini utapewa na kamba pia, na hapa mikono yako ya mashua ndogo itakudanganya. Kwenye ghuba ulizoea kushika kamba ya tanga mkononi. Kwenye futi 40 kamba hiyo inabeba uzito unaoweza kukata vidole. Kwenye winchi zungusha kamba kufuata mshale wa saa, ukiishika kwa ngumi huku upande wa kidole kidogo ndio ulio karibu na winchi na kidole gumba kimekunjwa pamoja na vingine. Ukitaka kuilegeza, weka kiganja kilichokunjuka juu ya mizunguko na uiachie taratibu kwa msuguano. Usiwahi kupitisha vidole kati ya kamba na winchi. Na kila unapopita sitahani, jua boriti ya tanga kuu iko wapi. Upepo ukiwa nyuma, boriti ile inaweza kuvuka upande mmoja hadi mwingine kufumba na kufumbua, na kichwa cha mtu hakiizuii. Uliza wamefunga kamba ya kuizuia au la, kisha pita umeinama hata kama wamefunga.

Kinachomfanya mgeni apendwe mashuani ni mambo madogo. Zamu nyingi huwa za saa nne kazini na saa nne za kupumzika, na dakika kumi unazochelewa kutokea juu umeziiba kwenye usingizi wa mwenzako. Ukitumwa kuamsha zamu inayofuata, waamshe robo saa kabla, waambie kwa sauti ya chini upepo ukoje na wavae nini. Tumia taa nyekundu kichwani. Nyeupe inawapofusha walio juu. Rudisha kila kitu ulipokitoa, kwa sababu mtu atakitafuta gizani kwa kupapasa. Wapelekee walio juu kitu cha moto bila kuombwa. Na ukiambiwa jambo usilolielewa, sema "sijaelewa" papo hapo. Kuitikia kwa adabu huku hujui, kwa kuogopa kuonekana mjinga, ndiko kuwa mzigo.

Mengine kwa kifupi. Begi liwe laini, sanduku gumu halina pa kukaa. Nguo za sufu au za nyuzi zinazokauka upesi, tabaka juu ya tabaka. Nguo za jinzi na za pamba zikilowa zinakaa zimelowa. Bima yako ya safari isome yote, maana nyingi hazigharamii resi za bahari kuu. Kazini omba siku za ziada, kwa sababu mashua ikivunjika kitu itakimbilia bandari ya karibu, na bandari hiyo inaweza kuwa mbali na ulikotarajia kumaliza. Na makubaliano ya fedha yawe kwenye karatasi: mchango unalipia nini, resi ikiahirishwa unarudishiwa kiasi gani, kitu kikivunjika nani analipa. Nahodha mwaminifu hachukizwi na karatasi.

Leo au kesho mwandikie hivi: "Asante kwa kunikaribisha. Niko tayari kujiunga tukitoka usiku mmoja pamoja na wenzangu kabla ya resi, na nikiona orodha ya waliopata mafunzo na karatasi ya ukaguzi wa chelezo. Mimi nimejiandikisha kozi ya kujiokoa. Hayo yakikamilika, malipo ya kwanza nitayatuma siku hiyohiyo." Usiongeze maelezo wala kuomba radhi.

Akikubali, umepata nahodha anayesikiliza, na wasiwasi wangu mwingi utapungua. Akisema tena ratiba imebana, mshukuru na umwache. Kila msimu mashua huhitaji watu, na klabu nyingi hubandika matangazo ya kuwatafuta. Tena zipo shule za matanga zinazoingiza mashua zao kwenye resi hizi zikiwa na wanafunzi, nahodha wa kulipwa, na safari za mazoezi ndani ya makubaliano. Kwa mtu wa hatua yako, mimi ningeanza kugonga mlango huo wiki hii hii wakati ukisubiri jibu lake.

Ukishatoka naye usiku huo, niandikie ulivyomwona.

Mjomba